Bi Arafa Apiga Hodi kwa Asmini

Bi Arafa alikuwa na ugomvi na baridi ya Minnesota, ugomvi wa miaka sita, na katika miaka yote hiyo hawakupatana hata siku moja. Theluji hakuitazama. Akitoka nyumbani kwa mwanawe Abdulbasit kwenda kazini, aliinamisha kichwa, akakodolea macho ncha za buti zake, akenda mbio mpaka garini kama mtu anayepita uani kwa jirani mwenye mbwa mkali. Jamaa wa Mombasa wakimpigia simu kumuuliza theluji ikoje, alijibu, "Nyeupe," na papo hapo akauliza bei ya nazi. Watu walidhani ni woga. Si woga, ni hasira. Hebu mchukue mtu aliyekaa miaka hamsini na mitano Kibokoni, Mombasa, anayejua saa kwa pua yake, umtie mahali ambapo miezi mitano mizima hewa haina harufu yoyote. Mbona hata wewe ungekasirika.

Maana kabla ya kuja Marekani kukunja mashuka katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Maplewood, kazi ya Bi Arafa ilikuwa kutunga vikuba. Asiyejua kikuba nitamweleza mara moja tu: ni kishada cha asmini na rihani, kinachofungwa kwa uzi na kubanwa kifuani mwa mwanamke ili kila apitapo watu wageuke. Bi Arafa alianza kutunga akiwa na miaka tisa. Mabibi harusi wa vichochoro vitatu walipita mikononi mwake, na wengine mabinti zao wakaja kupita hapo hapo. Hakusoma sana, hakusafiri, hakujenga nyumba. Lakini asmini aliijua.

Sasa mjukuu wake Raisa alikuwa anaolewa. Siku ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Mlisho, kabla Ramadhani haijaingia, katika ukumbi wa kukodi huko Lakeville. Ukumbi ulilipiwa, gauni lilifika, mapochopocho yalishaagizwa. Na Jumatatu ya juma lile lile Raisa akaja sebuleni na kijisanduku cha karatasi alicholetewa na posta.

"Bibi, angalia. Kikuba! Nime-order online. Inakaa real kabisa, na haikauki."

Bi Arafa akakipokea. Asmini zilikuwa nyeupe pe, zote urefu mmoja, zimepangwa kama meno ya bandia. Akakinusa. Kilinuka pazia jipya la bafuni.

"Hiki ni plastiki, Raisa."

"Of course ni plastiki, Bibi. Ni February!"

"Wallahi hutoki na hiki," akasema Bi Arafa, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Nitakuvalisha asmini ya kweli. Nimeapa."

Akaingia chumbani mwake, akafunga mlango, akakaa kitandani, na hofu ikamshika. Ahadi ni deni, na hili alijikopesha mwenyewe bila kuuliza atalipaje. Abdulbasit alizunguka maduka ya maua ya Minneapolis nzima akitoka kazini Plymouth, akarudi na mawaridi yanayonukia friji. Asmini hakuna. Bi Arafa aliona aibu, na ndani ya aibu ile mlikuwa na huzuni. Raisa alikuwa na kila kitu: shahada, gari, kazi hospitalini, mchumba mwenye adabu. Bibi yake alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa ambacho hakuna mwingine nyumbani mle aliyeweza kumpa. Akikosa hicho, basi yeye ni mwanamke wa kukunja mashuka tu, na harusi itapita akiwa amekaa kitini kama mgeni wa mgeni.

Aliyemwokoa alikuwa Wairimu. Huyu ni mwenzake wa chumba cha kufulia, mwanamke wa Murang'a, mnene, mcheshi, anayeendesha gari kama analikimbiza. Siku ya Jumatano walikuwa wamesimama pande mbili za shuka moja, Bi Arafa akiguna, Wairimu akamwuliza ana nini, na yeye akamwaga yote.

"Sasa Mama Abdul, kwani hujawahi enda ile garden ya mimea?" Wairimu akasema. "Iko na nyumba kubwa ya vioo. Huko ndani ni joto, unatoa jasho. Watoto wangu hu-enjoy huko winter yote."

"Kuna asmini?"

"Mimi nitajuaje asmini? Kwetu tunajua majani chai. Twende kesho tukitoka shift, nita-drive. Ukikosa asmini, at least utaota jua."

Alhamisi, saa nane mchana, wakafika. Maegesho yalikuwa mbali na nyumba ya vioo, na njia ilipita katikati ya bustani ya nje. Siku hiyo kipimajoto cha Kimarekani kilisema kumi chini ya sifuri, na mimi sina haja ya kukibadilisha kwa vipimo vya kwetu. Kwa vyovyote ni baridi ya kukausha macho. Bi Arafa alishika mkono wa koti la Wairimu, akainamisha kichwa, akaanza kuhesabu hatua.

Hapo ndipo mti ulipomchokoza. Tawi moja lililochoka kubeba mzigo wake lilitikisika, na fungu zima la theluji likamwangukia Bi Arafa utosini, likaingia shingoni, likateremka mgongoni mpaka kiunoni. Akapiga yowe. Akainua uso kwa ghadhabu, kidole juu, ili amtukane aliyemfanyia vile.

Tusi halikutoka.

Juu yake palikuwa na mti uliojaa vitunda vidogo vyekundu, maelfu, na kila kitunda kimevaa kikofia cha barafu, na jua limeingia ndani ya kila kikofia. Nyuma ya mti ule kulikuwa na vichaka visivyo na jani hata moja, vijiti vitupu, lakini vijiti vyekundu, vyekundu kama vimepakwa hina usiku wa jana. Majani marefu yaliyokauka yalisimama rangi ya dhahabu, yametiwa chumvi ya umande ulioganda. Maua ya kiangazi yaliyokufa kitambo yalikuwa bado yamesimama kwenye mabua yao, na kila moja lilibeba kitumbua cha theluji kichwani bila kukiangusha. Na vivuli! Vivuli vya miti vilikuwa vya buluu. Bi Arafa alikuwa na miaka sitini na mmoja, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kivuli kinaweza kuwa cha buluu.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. Kisha akamgeukia Wairimu kwa ukali. "Na mmenificha haya miaka sita?"

"Nani amekuficha? Si ni wewe ulikuwa unaangalia viatu!"

Bi Arafa alikuwa ameshaondoka. Alisogea kwenye mti wa vitunda, akagusa tawi kwa ncha ya glavu, na vikofia vya barafu vikagongana vikalia kama vikombe vya kahawa. Akagusa tena. Akagusa tawi la pili, likalia sauti nyingine. Kicheko kikampanda, kicheko cha msichana, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Akautazama mti kwa jicho la fundi anayeikagua kazi ya fundi mwenzake: jinsi vitunda vilivyopangwa, pale penye vingi na pale palipoachwa wazi makusudi jicho lipumzike.

"Aliyetunga hiki," akasema, "ana mkono."

"Mama Abdul, twende, tafadhali. Vidole vyangu vimeisha."

"Ngoja kidogo."

"Mama Abdul, mimi ni mtu wa watoto watatu!"

Ikabidi Wairimu amvute. Aliyekuwa akiburutwa kukimbia baridi sasa alikuwa anaburutwa kuachana nayo, na njia nzima alikuwa akigeuka nyuma na kuonyesha kidole: tazama nyayo za sungura, tazama kile kindege, tazama, tazama. Baridi ilikuwa imemlevya kabla hata hajaingia ndani. Ndani ndiko kulikommaliza.

Mlango wa nyumba ya vioo ulipofunguka, miwani yake iliingia ukungu, akawa kipofu, na joto likamkumbatia mwili mzima. Lilikuwa joto lenye maji, la udongo uliotoka kunyeshewa. Bi Arafa akavua koti akampa Wairimu. Akavua sweta. Akavua sweta la chini. Akavua fulana ya mikono mirefu aliyoivaa juu ya dera, na soksi za kwanza. Maji ukiyavulia nguo yaoge. Wairimu akawa amesimama kama kamba ya kuanikia, nguo zimemfika kidevuni, naye Bi Arafa ametangulia na dera lake la maua, anasalimia miti kama jamaa waliopotezana: mgomba, salaam aleikum, mpapai, mbona umekonda, na wewe mdalasini, nani kakuleta huku?

Kisha akasimama ghafla, pua juu. Wairimu alisema baadaye kwamba alidhani anapigwa na kiharusi.

Harufu ilikuwa pale. Nyembamba kwanza, halafu pana. Aliifuata bila kutazama njia, akakata kona mbili, akapita bwawa dogo lenye kingo za mawe, na pale penye nguzo ya chuma, ukiwa umejisokota mpaka juu karibu na vioo, akauona mwasmini. Maua machache ya jana yalikuwa bado yananukia, na vitumba vyeupe vya jioni vilikuwa vimefumba, vimejaa, tayari kabisa.

Sasa ni lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo mtamwona Bi Arafa mwizi. Mtunga vikuba hana shamba. Asmini huota nyuani mwa watu, na mtunga vikuba huenda akachuma kwa ruhusa. Lakini haombi kwa maneno marefu. Husimama mlangoni akapiga hodi. Akijibiwa karibu, basi imekwisha, atachuma ajaze upande wa mtandio wake. Asipojibiwa, huondoka. Na wenyewe husema asmini iliyochumwa bila hodi haifumbuki, hufa imefumba macho kwa aibu ya mchumaji. Bi Arafa alifanya hivyo miaka arubaini na sita, na mkono wake haukujua njia nyingine.

Kwa hiyo akajisimamisha vizuri mbele ya mwasmini, akakohoa, akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Na kutoka nyuma ya migomba sauti nene ya mwanamume ikajibu, "Karibu!"

Mtu mwenye kichwa kilichotulia angejiuliza kwa nini nyumba ya vioo ya Minnesota inajibu hodi. Bi Arafa hakuwa na kichwa hicho siku hiyo. Hodi aliipiga, karibu ameipata. Akakunjua mtandio, vidole vikaanza kazi, viwili vinashika, ukucha unakata. Ilikuwa miaka sita vidole vile havijachuma kitu, na vilikwenda vyenyewe kama watoto waliofunguliwa shule.

"Eh, mama! Pardon! Unafanya nini apa? Ile maua haiko ya kuchuma!"

Mwenye sauti alikuwa ametokeza, mpira wa kumwagilia mkononi. Mtu mrefu, wa makamo, na jina lake limeshonwa kifuani mwa shati la kazi: Sosthène. Mtu wa Bukavu, Kongo, na mtunza mimea wa nyumba ile kwa miaka kumi na mmoja.

Bi Arafa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe uliyenikaribisha?"

"Mimi?"

"Nimepiga hodi, ukasema karibu."

Miaka kumi na mmoja ndani ya vioo vile hakuna mtu aliyewahi kupiga hodi. Jibu lilikuwa limemtoka Sosthène lenyewe, kabla hajajua yuko wapi. "Nilijibu tu, mama! Mutu akisema hodi, utajibu nini?"

"Ndivyo hasa. Basi mie nimebisha, wewe umekaribisha, na mie nimechuma. Yakhe, kosa langu li wapi?"

Sosthène akautazama mpira wa maji kama huenda ukamshauri. Mpira ulikuwa unamwagia kiatu chake. Wairimu, nyuma ya rundo la nguo, ndiye aliyeanza kucheka. Bi Arafa akafuata. Sosthène alijaribu kuwa serikali kwa kitambo kidogo, akashindwa, akacheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa bwawa.

Lakini kicheko hakifuti sheria. Alipojifuta machozi akasimama, akaeleza, na alieleza kwa huruma. "Mama, shida iko hii. Mimea ya umu ndani iko na vijidudu. Ikitoka inje inaenda kuharibu mimea ya watu. Hakuna kitu inatoka mu nyumba hii, hata jani moja. Tukikata, tunatia mu sachet, tunafunga, tunaunguza. Ni règlement." Akamnyooshea mfuko. "Utanisamehe."

Bi Arafa akautazama mtandio wake. Vilikuwa vitumba kama sitini. Akavimimina mfukoni mwenyewe, polepole, maana hakutaka mwingine avishike, na furaha yote ya siku ile ikamtoka miguuni. Macho yakamjaa. Akamweleza Sosthène yote: Raisa, kiapo, plastiki. Sosthène alisikiliza kichwa kimeinama. Kisha akenda kumwita mkubwa wake, mama wa Kimarekani mwenye penseli iliyochomekwa nyweleni, naye akaja akasikiliza tafsiri na kutikisa kichwa kwa masikitiko. Mwasmini ule ulikuwa upogolewe Jumatatu, vitumba vyote vingekatwa. Asingemnyima mtu. Lakini kutoka, havitoki.

Wairimu akaanza kumrudishia nguo. Sweta la chini, sweta la juu. Bi Arafa alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti, akasimama hivyo hivyo nusu amevaa.

"Mwanangu Sosthène," akasema. "Maua hayatoki. Nimekubali. Na bibi harusi, yeye haingii?"

Sosthène akatafsiri. Mama wa penseli akafikiri, akatazama juu kwenye vioo, akatazama mwasmini, na midomo yake ikaanza kucheza. Mlango uko wazi kwa kila mtu, akasema, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Chakula hapana, moshi wa udi hapana, viti hapana, na njia isizibwe. Na kama Sosthène angetaka kupogoa Jumamosi badala ya Jumatatu, yeye hakuona ubaya.

Ijumaa yote ilikuwa vita nyumbani. "So nivae flowers, halafu saa kumi nizivue?" Raisa akauliza. "Bibi, what's the point?"

"Utavaa."

"Bibi, utani-embarrass mbele ya watu. Watu wataturekodi!"

"Wakurekodi, uko uchi?"

Abdulbasit alikuwa mezani anakunywa chai, akaichukua chai yake akaenda kuinywa gereji. Mwenye akili hakai baina ya bibi na mjukuu. Usiku, Raisa alipopita mlangoni mwa bibi yake, alimkuta amekaa chini, anatia uzi kwenye sindano na kuutoa, anautia tena na kuutoa, anajaribu vidole. "Fine," akasema. "Fine, Bibi. Tutaenda."

Jumamosi saa nane mbingu ilikuwa imefumba, theluji mpya inaanguka, na bustani ya nje haikuwa na rangi ila zile nyekundu. Wanawake kumi na wawili walipita humo kwa mstari, mabuibui chini ya makoti manene, na aliyetangulia, kichwa juu, akiwaonyesha huku na huku kama mwenye shamba, alikuwa Bi Arafa. Ndani wakavua. Wairimu safari hii alikuwa na wenzake wa kubeba. Mashangazi walipoona mgomba walipiga makelele, na shangazi mmoja wa Lamu alikumbatia mpapai, akapigwa picha naye, akasema hii aitume leo leo.

Sosthène alikata, juu ya ngazi, na mkasi wake. Bi Arafa alikinga chini na kanga iliyoloweshwa. Kwenye kona ya mimea ya viungo palikuwa na mrihani, na Sosthène akaukata vichomozo vitatu bila kuulizwa. Kisha Bi Arafa akakaa kwenye ukingo wa bwawa na kuanza kutunga. Wageni waliokuja kutembea na watoto wao walidhani ni maonyesho, wakasimama kimya kutazama. Vidole havikuonekana. Kilichoonekana ni kikuba kinakua.

Lakini asmini huvaliwa ikiwa bado imefumba. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Unamvika mtu vitumba, na joto lake mwenyewe ndilo linalovifungua, kifuani pake, jioni inapoingia. Kibokoni hufunguka magharibi. Hapa mlango unafungwa saa kumi. Saa tisa kasorobo Bi Arafa alimbana Raisa kikuba kifuani, akampachika uzi mwingine wa asmini nyuma ya kichwa nyweleni, na vyote vilikuwa vimefumba kama ngumi za watoto wachanga. Saa tisa na robo vimefumba. Mashangazi waliimba kwa sauti ya chini, na jicho lao liko kwenye saa. Bi Arafa aliomba kimoyomoyo: jua la hapa huondoka mapema, ewe asmini, na wewe uharakishe.

Wingu likashuka. Theluji ilikuwa imefunika vioo vya juu, ndani kukawa na giza la magharibi ingawa ni saa tisa na nusu, na asmini, ambayo haijui kusoma saa, ikadanganyika.

"Bibi," Raisa akasema. Hakupaza sauti. "Bibi, zinafunguka. I can feel it."

Alikuwa amesimama wima, mikono kando, hathubutu kupumua. Kitumba kimoja, kisha cha pili, kisha vitano pamoja. Harufu ikapanda ikampata usoni, na msichana yule mwenye shahada na gari akafumba macho, kinywa kikabaki wazi. "Oh," akasema. "Oh, Bibi. Kumbe ni hii."

Shangazi wa Lamu akashindwa kujizuia. Akapiga kigelegele, na wenzake wakampokea, vigelegele vikapanda mpaka juu kwenye vioo. Sasa sijui kama ni sauti au ni joto la watu wote wale, wataalamu waamue. Ninachojua ni kwamba juu pale palisikika mkwaruzo, kisha ngurumo, na theluji yote ya paa ikateleza kwa pamoja ikaanguka nje, bam, na mwanga mweupe ukamwagika ndani juu ya Raisa na bibi yake na asmini zilizokwisha kufunguka. Watu wakapiga mayowe. Watoto wa Kizungu wakapiga makofi wakitaka ifanywe tena. Wairimu alikuwa anacheza na makoti manne mikononi.

Saa kumi kasoro dakika tano Sosthène akaja na mfuko, anatazama viatu vyake.

Raisa akakifunika kikuba kwa viganja viwili. "No," akasema. "Bibi, no. Mwambie. Just this one."

Nani angemlaumu Bi Arafa lau angekificha chini ya buibui? Alilifikiria, nami sitamsingizia utakatifu. Lakini alikuwa amepiga hodi, na mtu aliyekaribishwa haibi. Akaitoa mikono ya mjukuu wake taratibu. Akauchomoa uzi wa nyweleni akautia kwenye mfuko ule, akakibandua kikuba, akakipitisha nyuma ya masikio ya Raisa, shingoni, kwenye viganja, ndani ya nywele mara tatu, akikandamiza.

"Mama," Sosthène akasema kwa wasiwasi.

"Umesema maua hayatoki. Harufu hukuisema."

Akamkabidhi kikuba, mikono miwili, kama inavyotakiwa. Naye Sosthène akakipokea kwa mikono miwili.

Nje baridi iliwapiga mara moja. Njiani kuelekea garini Bi Arafa hakuweza kuvumilia, akamsimamisha Raisa chini ya mti wa vitunda vyekundu, akafunua shali, akaingiza pua shingoni mwake. Akavuta. Akavuta tena. Hakuna. Hewa kavu, hewa tupu, ile ile ya miaka sita. Baridi ilikuwa imeipora. Raisa alimtazama usoni, na Bi Arafa akamfunika shali vizuri na kusema, "Twende, utapata homa," na moyo wake ukawa mzito kama hizo buti.

Gari la Wairimu lilikuwa limeganda. Wakaketi nyuma, bibi na mjukuu, hita inanguruma bila faida. Wakaingia barabara kuu ya kwenda kusini, theluji inarushwa kwenye kioo. Dakika tano. Dakika kumi. Bi Arafa alikuwa anatazama nje akiwaza maneno ya kumwambia. Miguu ilianza kupata moto. Raisa alilegeza shali, kisha akavua kofia, nywele zikaanguka.

"Ai!" Wairimu akasema kule mbele. "Ni nini hii imeingia kwa gari?" Akanusa, akanusa tena, ikazidi, ikajaa mpaka kwenye dari, akapiga chafya mara mbili, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha mlango. "Mama Abdul, hii ni strong! Wacha nifungue kidogo tupate hewa."

"Auntie Wairimu, tafadhali," Raisa akasema, na alikuwa ameushika mkono wa bibi yake kwa nguvu mpaka unauma. "Usifungue dirisha."

Wairimu akarudisha mkono kwenye usukani, na Bi Arafa akalia na kucheka mpaka Lakeville.